Gari la Wagonjwa Linaposimamishwa kwa Ajili ya Usalama: Wajibu wa Halmashauri na Haki ya Mkazi

Mada iliyowasilishwa kwa wakazi katika mkutano wa kata kuhusu huduma za dharura



Hakuna gari linalosubiriwa kwa hamu kama gari la kubebea wagonjwa. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane hazihesabu dakika kwa saa ya ukutani. Huzihesabu kwa pumzi zake. Anayemuuguza husimama kando ya barabara, macho yake yakiwa kwenye kona ya mbali ambako mwanga wa taa unatarajiwa kutokea. Kwa sababu hiyo, mkazi anayepita kituo cha afya na kuliona gari hilo limeegeshwa mchana kweupe, lina matairi, lina mafuta, lina dereva, kisha akaambiwa kwamba leo halitatoka, ana haki ya kukasirika. Ana haki pia ya kuelezwa sababu.

Sababu za gari kusimama ni nyingi, na nyingine hazina utetezi. Mada hii inahusu sababu moja ambayo inafahamika kwa watu wachache: gari kusimamishwa kwa kuwa aliyelitengeneza ametangaza kwamba lina kasoro inayoweza kuua. Tangazo la namna hiyo ni wito wa kurejesha gari. Kasoro itakayozungumziwa zaidi ni ile ya mfumo wa saspensheni, yaani springi, shokapu, bushi, boli joenti na mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu chini ya gari.

Wito wa kurejesha gari ni nini

Wito wa kurejesha gari ni tofauti na matengenezo ya kawaida. Pedi za breki zikiisha, hilo ni jambo la mwenye gari. Lakini ikigundulika kwamba kifaa fulani kilibuniwa vibaya au kilitengenezwa vibaya tangu kiwandani, kosa hilo ni la mtengenezaji, na gharama ya kulirekebisha ni yake.

Nchini Marekani utaratibu huu uliwekewa sheria mwaka 1966, na historia yake inagusa saspensheni moja kwa moja. Mwaka 1965 wakili Ralph Nader alichapisha kitabu cha kushutumu viwanda vya magari, na sura yake ya kwanza ilihusu Chevrolet Corvair, ambayo saspensheni ya nyuma ya matoleo yake ya kwanza ilidaiwa kulifanya gari liyumbe na kupinduka kwenye kona. Ubishi juu ya gari hilo uliendelea kwa miaka; taarifa ya serikali iliyotolewa mwaka 1972 ilisema kwamba Corvair haikuwa mbaya kuliko magari mengine ya wakati wake. Hata hivyo sheria ilibaki, na msingi wake ukabaki kuwa huu: mtengenezaji anayejua kasoro hana ruhusa ya kunyamaza. Chini ya utaratibu wa nchi hiyo, akishathibitisha kasoro ya usalama ana siku 5 za kazi kuiarifu mamlaka, na siku 60 kuwaandikia wenye magari. Marekebisho hufanywa bila malipo.

Tanzania nayo haikuliacha jambo hili bila sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani, FCC, ina sehemu inayohusu usalama wa bidhaa na kurejeshwa kwa bidhaa zenye kasoro. Gari ni bidhaa, hata likiwa na king'ora juu.

Kwa nini saspensheni

Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu huzuia gari lisiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo. Bushi, ambazo ni mipira iliyoshikwa ndani ya chuma, hulainisha mgongano wa kifaa na kifaa. Mikono ya chuma na boli joenti hulifanya gurudumu lielekee linakotakiwa kuelekea. Breki zikiharibika, mara nyingi dereva hugundua anapozikanyaga. Mkono wa saspensheni ukikatika, gurudumu hujichagulia njia lenyewe, na dereva hugundua hilo akiwa tayari ameanza kuacha barabara.

Gari la dharura huuchosha mfumo huo kuliko gari la kawaida. Hubeba kitanda, mtungi wa oksijeni, makabati ya dawa, mgonjwa, muuguzi na mara nyingi ndugu wawili. Gari la zimamoto hubeba maji, na maji ni mzigo usiotulia: gari likikata kona, nayo huegemea upande. Magari haya huendeshwa kwa haraka, hufunga breki ghafla, na katika kata nyingi za vijijini hupita barabara za changarawe zenye mawimbi, makorongo ya mvua, na matuta ambayo dereva wa usiku huyaona akiwa ameshayafikia. Kisha yupo mgonjwa mwenyewe. Mtu aliyevunjika paja, au mama anayetokwa na damu, husikia kila pigo la shokapu iliyokufa. Kwake saspensheni ni sehemu ya matibabu.

Mfano wa Explorer

Mwaka 2019 kampuni ya Ford ilitangaza wito wa kurejesha magari aina ya Explorer ya matoleo ya mwaka 2011 hadi 2017, takribani 338,000 katika Amerika ya Kaskazini. Kasoro ilikuwa kwenye mkono mdogo wa saspensheni ya nyuma, ule unaolinyoosha gurudumu lielekee mbele. Mkono huo uliweza kukatika, na dereva akapoteza uwezo wa kuliongoza gari. Tangazo lilitaja magari ambayo saspensheni yake ya nyuma hupanda na kushuka hadi mwisho wake mara kwa mara. Dawa ilikuwa kuondoa mikono ya zamani, ya kushoto na ya kulia, kufunga mingine iliyofuliwa kwa uimara zaidi, kisha kupanga upya mwelekeo wa magurudumu. Mwaka 2021 ukatoka wito mwingine kwa matoleo ya 2013 hadi 2017. Safari hii kasoro ilianzia kwenye boli joenti iliyoweza kukwama na kuusababisha mkono uleule ukatike, na magari yaliyohusika yalikuwa takribani 775,000 duniani.

Explorer ni gari la kwenda sokoni na kupeleka watoto shule. Lakini katika ukoo huohuo Ford hutengeneza gari la doria linalotumiwa na idara nyingi za polisi nchini Marekani. Hapa pana funzo la kwanza kwa kila halmashauri: gari la dharura karibu wakati wote ni gari la kawaida lililovalishwa sare. Linapewa rangi, taa na king'ora, lakini chini yake hubaki springi na boli joenti zilezile za kiwandani. Msimamizi anayefuatilia matangazo ya magari ya wagonjwa pekee atapitwa na tangazo linalomhusu, kwa sababu limeandikwa kwa jina la gari la kawaida.

Funzo la pili ni kwamba gari hilo huwa na watengenezaji wawili. Magari mengi ya wagonjwa Tanzania ni Toyota Land Cruiser. Toyota hutengeneza gari, kisha kampuni nyingine huweza kuligeuza kuwa la wagonjwa kwa kufunga kitanda, makabati na umeme wa ziada. Toyota Gibraltar Stockholdings, iliyoko Gibraltar, ni mfano wa kampuni zinazofanya kazi hiyo kwa ajili ya mashirika ya misaada. Kasoro inaweza kutoka kwa wa kwanza au wa pili, na wito pia unaweza kutoka kwa yeyote kati yao. Aliyepokea gari bila kuhifadhi nyaraka za wote wawili amepokea nusu ya gari.

Barua isiyomfikia mwenyewe

Wito wa kurejesha gari una udhaifu mmoja mkubwa. Hutumwa kwa anwani, na gari halikai kwenye anwani.

Gari lililonunuliwa jipya kwa wakala aliyeko nchini hubaki kwenye orodha ya wakala huyo, na wito ukitoka ni rahisi kumpata mwenyewe. Gari lililotumika Japani kwa miaka 10 kisha likavuka bahari halina bahati hiyo. Mtengenezaji ataandika barua kwa mmiliki wa mwisho aliyesajiliwa Japani, mtu ambaye huenda hata hakumbuki aliliuza kwa nani. Barua itafunguliwa Nagoya, na gari liko njiani kati ya zahanati na hospitali ya wilaya. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa yaliyokwisha kutumika Japani yamewahi kuletwa nchini kama msaada, na yamefanya kazi njema. Lakini msaada huvuka mpaka haraka kuliko taarifa.

Namba ya usajili haisaidii sana kuliziba pengo hilo. Gari linaweza kuwa na namba ya DFP likiwa chini ya mradi wa wafadhili, kisha mradi ukaisha na likapewa namba ya SM likiwa mali ya halmashauri. Jambo lisilobadilika ni namba ya chesisi, iliyopigwa muhuri kwenye chuma chenyewe na kuandikwa kwenye kadi ya gari. Ndiyo namba inayotumika kutafuta kama gari limeitwa. Dakika chache za kuilinganisha na orodha ya mtengenezaji au ya wakala wake zinatosha kujibu swali ambalo barua haikuja kulijibu.

Kwa hiyo halmashauri haipaswi kusubiri kuitwa. Inapaswa kuwa na daftari moja lenye namba ya chesisi ya kila gari la dharura, mwaka lilipotengenezwa, nchi lilikotoka na jina la aliyeligeuza kuwa la wagonjwa, na afisa usafirishaji anapaswa kuulizia namba hizo kwa wakala mara kwa mara, hata kama hakuna barua iliyoingia. Kazi hiyo haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji mtu mmoja aliyepewa jukumu hilo kwa jina, na mkubwa wake wa kumuuliza amefikia wapi.

Uchakavu au kasoro?

Wapo watakaosema kwamba barabara mbovu huvunja springi yoyote, na kwamba kumlaumu mtengenezaji ni kutafuta visingizio. Hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo sababu kumbukumbu ni muhimu. Gari moja likivunjika jani la springi baada ya msimu wa mvua, huo unaweza kuwa uchakavu. Magari matano ya aina moja na mwaka mmoja yakikatika kifaa kilekile mahali palepale, mengine kwenye lami na mengine kwenye vumbi, hilo ni swali la kiwandani.

Tatizo ni kwamba fundi mmoja huona gari moja. Hubadilisha kifaa, gari likaondoka. Baada ya miezi minne likarudi, akabadilisha tena. Akifanya hivyo mara tatu bila kuandika, anafunga kidonda bila kuuliza kilichokata. Magari ya serikali hutengenezwa kupitia Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, wenye karakana mikoani. Karakana ya mkoa hupokea magari ya halmashauri nyingi, hivyo inaweza kuona mfanano ambao halmashauri moja haiwezi kuuona. Lakini itauona tu ikiwa dereva aliandika kwenye daftari la safari kwamba gari lilivuta kushoto, na msimamizi akaipeleka taarifa hiyo pamoja na gari badala ya kusema kwa mdomo kwamba "lina kelele chini."

Dereva ndiye wa kwanza kujua. Gari linaloinama upande mmoja likiwa limesimama, tairi linaloliwa upande wa ndani, usukani unaocheza, shokapu iliyolowa mafuta, mlio wa kugonga kila gurudumu linapoingia kwenye shimo: hizo ni taarifa, na mahali pake ni kwenye karatasi. Katika ule mfano wa Explorer, mlio usio wa kawaida na gari kutotii usukani vilikuwa miongoni mwa dalili zilizotajwa. Dereva anayeogopa kuripoti kwa kuhofia kuambiwa analiharibu gari ni hatari kubwa kuliko springi iliyopasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili huenda ukuta wenyewe ukawa ni wa kaburi.

Lisimame au liende?

Hapa ndipo penye uzito. Kama halmashauri ingekuwa na magari kumi ya akiba, jibu lingekuwa jepesi: gari lililoitwa lisimame, lingine liende. Lakini tarafa yenye gari moja la wagonjwa inapolisimamisha, haiondoi hatari, inaihamisha. Mgonjwa ambaye angesafiri kwenye gari lenye kasoro sasa atasafiri kwenye bodaboda, au hatasafiri kabisa.

Si kila wito una uzito sawa. Baadhi humwambia mwenye gari asiliendeshe hata kidogo mpaka litengenezwe. Nyingine humruhusu aendelee kwa tahadhari huku akisubiri kifaa. Tofauti hiyo lazima isomwe, wala isikisiwe. Wito unaosema gari lisitembee hauna mjadala: gari lenye saspensheni inayoweza kukatika likiwa kwenye mwendo linaweza kuua mgonjwa, muuguzi, dereva na mpita njia kwa mara moja, na kituo kikabaki bila gari na bila watu. Wito wa aina ya pili unahitaji uamuzi wa pamoja kati ya fundi na Mganga Mkuu wa Wilaya, ulioandikwa na kutiwa saini: gari liende wapi, kwa mwendo gani, libebe watu wangapi, likaguliwe kila baada ya muda gani. Uamuzi huo usiachwe mikononi mwa dereva saa nane ya usiku huku ndugu wa mgonjwa wakimlilia. Kumwachia ni kumbebesha mzigo ambao ofisi ilikwepa kuubeba mchana.

Na gari likisimama, mpango wa mbadala uwe umekwisha kuandaliwa. Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, nchi ina mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwezi Aprili 2022. Namba yake ni 115, na kuipiga ni bure. Mfumo huo hautegemei magari ya wagonjwa pekee. Hutumia pia madereva wa jamii waliosajiliwa, ambao hulipwa kwa safari waliyofanya. Kituo ambacho gari lake limesimamishwa kinapaswa kuwaarifu waratibu wa mfumo huo siku hiyohiyo, ili mpigaji asiahidiwe gari lililoko juu ya jeki. Kwa wagonjwa wengine, makubaliano na kituo cha jirani yafanyike kabla ya haja kutokea. Moto na uokoaji huripotiwa kwa namba 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mkazi aulize nini

Mkazi si fundi, wala hahitaji kuwa fundi. Ana diwani wake, ana Mtendaji wa Kata, na ana wawakilishi katika kamati ya usimamizi ya kituo cha afya. Kupitia hao anaweza kuuliza maswali manne, na anastahili kujibiwa:

1. Je, namba ya chesisi ya gari letu imeulizwa kwa mtengenezaji au wakala wake, na mara ya mwisho ilikuwa lini?

2. Gari likisimamishwa, je, ni kwa uchakavu, kwa kukosa fedha, au kwa wito wa usalama? Hizi ni sababu tatu tofauti, na kila moja ina mtu tofauti wa kuwajibika.

3. Kama ni wito wa usalama, je, gari limepelekwa kwa wakala anayepaswa kulirekebisha bila malipo, au limetengenezwa mtaani kwa fedha za umma?

4. Mpaka litakaporudi, mgonjwa wa kata hii atasafiri na nini?

Swali la tatu lina fedha ndani yake. Marekebisho ambayo mtengenezaji angepaswa kuyagharamia yakilipwa na halmashauri, fedha hizo zimetoka kwenye dawa, kwenye mafuta, au kwenye posho ya muuguzi wa zamu ya usiku. Hata pale ambapo gari ni la zamani au liliingia nchini kwa njia isiyotambuliwa na wakala, kuuliza kunaonyesha kasoro iko wapi, na fundi anajua kifaa cha kukagua kwanza.

Kwa upande wake, mkazi anaombwa jambo moja ambalo si jepesi: asimshinikize dereva kuliwasha gari ambalo karatasi kwenye kioo inasema lisitembee. Hasira ielekezwe kwenye ofisi, si kwenye usukani. Na ofisi iwajibike kuibandika karatasi hiyo mahali panaposomeka, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ikitaja sababu, tarehe gari liliposimama, tarehe linapotarajiwa kurudi, na namba ya kupiga kwa msaada mbadala. Gari lililoegeshwa bila maelezo huzaa uvumi, na watu wakishauamini uvumi ni vigumu kuwarudisha.

Ndugu wananchi, gari la wagonjwa lililosimama linaweza kuwa alama ya uzembe. Linaweza pia kuwa alama kwamba mtu fulani alisoma tangazo, akalinganisha namba, na akawa na ujasiri wa kuzima injini kabla ya chuma kukatika. Kwa macho hali hizo mbili hazitofautiani, kwa kuwa gari ni lilelile chini ya mwembe uleule. Kinachozitofautisha ni daftari, na daftari la halmashauri ni mali ya wananchi. Ombeni lifunguliwe.